Kitufe cha Starehe

Walipolivuka tuta la mwisho la Uriri, Mahmud alinyoosha kidole na kubonyeza kitufe kilichokuwa pembeni mwa usukani. Kwenye kioo kidogo mbele yake neno moja lilizimika na jingine likawaka. Gari lilikuwa limetoka kwenye Spoti na kuingia kwenye Starehe.

"Umesikia, Mama Hibo?"

"Nimesikia," Ruqia alijibu.

Hakuwa amesikia kitu. Kiti kilimpiga vilevile kilivyokuwa kikimpiga tangu Suna, na kila ufa wa lami ulipanda kutoka kwenye tairi hadi kiunoni mwake bila kupumzika popote njiani. Aliushika mkono wa mlango kwa mkono wake wa kushoto, upande ambao mumewe hakuuona, akaanza kuhesabu pumzi.

"Godoro kabisa," Mahmud alisema. "Abdirahim aje akae hapa, arudie tena maneno yake."

Abdirahim alikuwa muuza mbao, jirani yao wa ukuta kwa ukuta mjini Migori, na maneno yake yalikuwa yamechukua mwezi mzima wa mwaka uliopita. Mahmud alikuwa amefikisha miaka sitini na mmoja. Thelathini kati ya hiyo aliipitisha ndani ya lori la saruji, na sasa, kabla magoti hayajakataa, alitaka gari moja jipya la spoti, la milango miwili. Fomu ya kuagizia ilikuwa na mstari uliomhangaisha: je, kwa kutuliza mtikiso wa gari achukue shoki za kawaida, au zile zinazojirekebisha zenyewe kulingana na barabara?

"Shoki ni shoki," Abdirahim alikuwa akisema kila alipokuja kunywa chai. "Unajiongezea kitu cha kuharibika tu. Na hiyo ikifa utampelekea fundi gani hapa, yule wa wilibaro?"

Aliyeumaliza ubishi ule ni Ruqia. Alikuwa amefundisha fizikia katika shule ya wasichana kwa miaka ishirini na sita, mpaka uti wa mgongo ulipomlazimisha kufanyiwa upasuaji na kustaafu mapema. Asubuhi moja aliweka bakuli mbili mezani, moja ya uji mwepesi wa wakati ule, nyingine ya uji wa jana ulioganda, akampa mumewe kijiko akoroge. Shoki, alimweleza, ni kijiko ndani ya mafuta. Ile ya kawaida imepewa uji wa aina moja tu maisha yake yote: ukiwa mzito, gari litatulia kwenye kona na kukuadhibu kwenye mashimo, ukiwa mwepesi, litakubembeleza kwenye mashimo na kuyumba kwenye kona. Hii nyingine inasoma barabara na kubadilisha uji wenyewe, mara nyingi kabla hujapepesa jicho.

"Kwa njia zetu hizi, lami kilomita tano halafu viraka," alisema, "hicho ndicho kitu cha kwanza ningechagua. Hata kabla ya redio."

Mahmud alitia alama kwenye mstari ule siku hiyohiyo. Ruqia hakusema kwamba alikuwa amejichagulia na yeye pia.

Gari lilifika kabla ya Idi, juu ya lori, limevikwa plastiki kuanzia taa hadi taa. Wauzaji walikuwa wameomba siku mbili za kulikagua na kuliosha, lakini Mahmud aliwakatalia kwenye simu. Aliwaambia wasiguse kitu, wampe kama lilivyotoka kiwandani; plastiki ataivua mwenyewe mbele ya duka lake la mabati. Akaivua, na watu wa Suna, mtaa wao pale Migori, wakaja kutazama. Waliinama wakachungulia chini, maana magari ya aina hii wanayajua kwa jambo moja, kukwaruza matumbo kwenye matuta. Hili lilikuwa limeinuka vizuri. Kati ya tairi na bodi mkono wa mtu mzima ungeweza kupita.

"Hata kama nilibisha," Abdirahim alikiri, "hapo kwa urefu wametufikiria."

Lilivuka matuta yote ya mjini bila kugusa. Mahmud alipongezwa kwa wiki nzima.

Maumivu ya Ruqia yalianza mwezi huohuo. Binti yao Hibo, aliyeolewa Homa Bay, alikuwa amejifungua mtoto wa kike, Asmaa, na kila Jumatano babu na bibi walipanda gari jipya kwenda kumwona. Jumatano ya kwanza kiuno kiliuma kuanzia Awendo. Ya tatu, maumivu yaliteremka kwenye paja la kushoto, njia ileile yaliyokuwa yakipita kabla ya upasuaji. Yalikaa siku nne au tano, na yalipoanza kutulia, Jumatano nyingine ilikuwa imefika.

Ruqia alikuwa na mazoea ya kufikiri kwa hatua. Gari limewekewa shoki bora kuliko zote. Hilo alilithibitisha mwenyewe kwa uji. Mahmud, ambaye hana sababu ya kudanganya, anasikia tofauti kila anapobonyeza kitufe. Yeye haisikii. Kwa hiyo kasoro haiko garini. Alipofika hapo hakuona pengine pa kwenda isipokuwa kwa daktari wa mifupa, ambaye miaka miwili iliyopita alimwambia waziwazi kwamba maumivu yakirudi mguuni, huenda wakamfungua tena, na kwamba baada ya upasuaji wa pili hatanyanyua tena kitu kinachozidi birika la chai. Asmaa alikuwa na kilo tano na nusu. Kwa Jumatano tatu zilizopita Ruqia alikuwa akitafuta visingizio vya kutombeba: mara ana mafua, mara mikono ina kitunguu. Hibo alikuwa ameanza kumtazama kwa namna ya mtu anayetaka kuuliza na kuogopa.

Leo alikuwa na miadi na daktari huyo, hapohapo Homa Bay, saa nane mchana. Mahmud alikuwa ameambiwa ni kipimo cha kawaida.

Waliteremka kuelekea ziwani saa tano. Mahmud alipokuwa akiegesha karibu na soko, mwuza ndizi alimwonyesha tairi la mbele. Msumari ulikuwa umezama humo, kichwa chake kinang'aa. Wakaelekezwa kwenye gereji ya Lynnet, mtaa mmoja chini, ambako mwanamke wa miaka thelathini hivi, aliyevaa ovaroli na kitambaa cha maua kichwani, aliwapokea huku akijifuta mikono.

"Mama, kaa hapa kwa kivuli," alimwambia Ruqia, akimvutia kiti cha plastiki. "Hii ni msumari tu, si ugonjwa."

Alitia jeki, akalegeza nati, akalivuta tairi. Kisha akasimama akiwa amelikumbatia. Aliliweka chini polepole, akawasha tochi ya simu na kuingiza kichwa pale tairi lilipokuwa.

"Mzee," sauti yake ilitoka humo ndani, "hii gari ulinunua lini?"

"Kabla ya Idi."

"Na mmekuwa mkiendesha hivi?"

"Hivi vipi?"

"Hivi ikiwa bado iko kwa meli."

Mahmud alimtazama mkewe, kisha akachuchumaa kando ya fundi. Lynnet alimulika springi. Katikati ya mizunguko yake kulikuwa kumebanwa kipande kinene cha mpira wa manjano.

"Gari zikipakiwa meli, wanazifungia hii kitu ndani ya springi ndio zisirukeruke zigongane huko baharini," alieleza. "Zikifika nchi kavu inatolewa, kabla mwenyewe ashike usukani. Sasa hapa springi haina nafasi ya kucheza. Hii shoki yako ni ya maana, Mzee, naiona, ni ile ya waya, ya kujirekebisha. Lakini inangoja kazi, na kazi haiifikii."

"Kitufe kinafanya kazi," Mahmud alisema. "Taa inabadilika."

"Taa itabadilika, ndio."

"Labda hiki kiliwekwa kwa ajili ya barabara mbaya."

"Walikupea bila kukagua?"

"Niliwaambia wasiguse kitu."

"Na hukuona karatasi nyekundu ya onyo? Huwa wanaifunga kwa usukani, haiwezi kukupita."

Mahmud aligeuka akaangalia upande wa ziwa, ingawa kutoka pale ziwa halikuonekana. Ruqia aliijua karatasi ile. Ilikuwa na kamba yake nyekundu na maandishi ya kigeni, na kwa miezi miwili ilikuwa ikining'inia dukani chini ya kalenda, ikionyeshwa kila mteja aliyeingia kununua mabati.

"Iko ukutani," alisema. "Ameitundika kama cheti."

Lynnet alijiziba mdomo kwa kiwiko, maana viganja vilikuwa na grisi. "Woi, Mzee. Pole."

"Na huu urefu wake?" Mahmud aliuliza kwa sauti ndogo.

"Urefu ni ya hii mpira. Itashuka. Matuta sasa utayaheshimu kama sisi wengine."

Ruqia alikuwa ameinuka kutoka kwenye kiti bila kujua. "Viko vingapi?"

"Bado sijaangalia nyuma, Mama. Lakini kwa vile imesimama, naona ni nne."

"Vitoe vyote."

Vilikuwa vinne. Lynnet alivipanga juu ya gunia, akaziba tundu la msumari, akarudisha matairi. Ruqia aliokota kimoja na kukibonyeza kwa kidole gumba kwa nguvu zake zote. Hakikubonyea hata kidogo. Akabaki amekishika. Hatua moja katika hesabu yake ilikuwa imeng'oka, na hakuthubutu bado kufurahia, kwa sababu mwalimu aliyekuwa ndani yake alijua kwamba dhana kuanguka si sawa na jibu kupatikana.

"Tusiende kwa Hibo kwanza," alimwambia Mahmud. "Nipeleke Rodi, turudi."

Kwenye barabara ya Rodi Kopany alifumba macho. "Bonyeza unapotaka, na usiniambie."

Mahmud akaweka kidole kwenye kitufe. Gari lilipita juu ya viraka, na Ruqia alivihisi kimoja kimoja, vidogo, vikiishia mahali fulani chini ya kiti. Kisha vikawa vikavu zaidi, vyenye kingo.

"Hapo umeweka Spoti."

"Ndiyo."

Nusu kilomita baadaye kingo zikatoweka. "Umerudisha."

"Ndiyo."

Mara sita alibonyeza, na mara sita Ruqia alipata. Mara ya saba Mahmud alimwuliza ameweka nini, ilhali hakubonyeza kabisa, ili kumtega, naye akasema, "Bado ni Starehe, acha ujanja." Alifumbua macho. Hakuwa ameushika mkono wa mlango. Viganja vyote viwili vilikuwa mapajani, wazi.

"Mama Hibo," Mahmud alisema, "kabla ya leo ulikuwa ukiisikia hii tofauti kweli?"

"Hapana. Wewe je?"

Alikohoa. "Hata siku moja. Nilifikiri ni mwili wangu, kwamba lori limeuua. Na wewe ulikuwa ukisema unasikia."

"Nilikuwa nikisema kwa sababu wewe ulikuwa ukisema."

Ruqia alimtazama huyu shahidi wake wa pili, ambaye juu ya neno lake alikuwa amejenga miezi miwili ya hofu, akaona kwamba hawezi kumkasirikia. Kila mmoja alikuwa akilitetea gari lilelile mbele ya mwenzake. Akamwambia yote: paja, usiku wa kugeukageuka, miadi ya saa nane ilikuwa ya nini, na kwa nini mikono yake ilikuwa na kitunguu kila Jumatano.

Mahmud aliegesha kando ya shamba la mahindi na kuzima injini.

"Miezi miwili," alisema.

"Miezi miwili."

"Ungeniambia ningeliuza kesho yake."

"Ndiyo maana sikukuambia."

Saa nane walikuwa kwa daktari. Daktari huyo, Ondieki, alimlaza Ruqia kitandani, akamwinua mguu wa kushoto taratibu, akasubiri, akauinua tena, ukaenda juu kuliko mwaka uliopita. Aligonga goti, akapima nguvu za vidole, akamsimamisha kwa visigino. Neva ilikuwa salama, alisema. Pale palipokarabatiwa pamekaza kama inavyotakiwa. Kulikuwa na misuli iliyochoka na kuvimba, hata ikaibana njia ya neva ya kwenda mguuni, basi.

"Umekuwa ukisafiri na nini, Mama? Trekta?"

"Meli, Daktari," Mahmud alisema kutoka pembeni.

Ondieki alimtazama, akaamua kutouliza. Aliandika wiki mbili za mazoezi ya kunyoosha mgongo. Kuhusu upasuaji hakuandika neno.

"Na mtoto?" Ruqia aliuliza. "Mjukuu. Kilo tano na nusu."

"Mbebe. Wiki hizi mbili keti kwanza, upewe. Baadaye mnyanyue mwenyewe."

Kwa Hibo kulikuwa na tuta langoni, la saruji, lililojengwa na mtu asiyependa wageni. Kwa miezi miwili gari lilikuwa likilivuka bila kugusa. Sasa Mahmud alilikaribia kwa mshazari, tairi moja baada ya jingine, shingo ameinyoosha nje ya dirisha, na bado ukasikika mkwaruzo mrefu chini ya miguu yao. Uso wake ulikunjamana kana kwamba amekwaruzwa yeye.

Kisha akakumbuka, akamgeukia mkewe upesi. "Umeumia?"

Ruqia alisikiliza kiuno, paja, goti, akichukua muda wake.

"Hapana," alisema. "Endelea."

Hibo alikuwa ametoka mlangoni na Asmaa begani. Alipomwona mama yake akishuka, alianza kumsogeza mtoto upande wa pili, kwa mazoea ya Jumatano zilizopita. Ruqia alipanda ngazi ya kwanza, akaketi juu yake kama alivyoagizwa, akaweka mkoba kando, na kunyoosha mikono yote miwili.