Kilichobaki Kibarazani

Saa mbili asubuhi mwalimu wa chekechea aliita majina, akahesabu mikono thelathini na minane juu ya meza, kisha akafungua mlango kuangalia kama sehemu nyingine za watoto zimekaa vizuri kibarazani. Zilikuwa zimekaa. Miguu iliruka kamba, vicheko vilijazana karibu na ndoo ya maji, na mabega mawili yalikuwa yamembeba mgonjwa wa mchezo wa hospitali. Akaziomba zipunguze kelele, akarudi ndani.

Mambo yalikuwa hivyo tangu ofisi ilete fomu mpya ya tathmini. Ile ya zamani ilikuwa na kurasa nne, ikiuliza mtoto anachezaje, analilia nini, akikosea anafanyaje. Hii mpya ilikuwa na visanduku vitatu: herufi, tarakimu, kushika penseli. Kisichoulizwa hakikuwa na sababu ya kuingia darasani, basi hakikuingia. Kengele ya kutoka ikilia, kila mtoto alijikusanya akaenda kwao mzima. Mfagiaji alilalamika wiki ya kwanza tu, kwamba hawezi kazi ya kufagia huku akiruka magoti ya watu.

Shida ilikuwa kwa waliofaulu. Aliyefaulu aliandikwa kwenye daftari la darasa la kwanza, ng'ambo ya uwanja, na daftari lile lilipokea kilichopigiwa alama ya vema, basi. Kilichosalia kilibaki kibarazani moja kwa moja. Wazazi walizoea upesi. Wengine hata walishukuru, wakisema siku hizi watoto wana utulivu.

Chiriku alikuwa hajafaulu. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu ya domo lake. Alikuwa na miaka sita, na mwaka mzima mkono wake uliandika kila herufi ikitazama nyuma. Lakini huko nje yeye ndiye aliyewafunga wenzake kamba za viatu, aliyeamua ugomvi, aliyejua nani ametoka kwao bila kunywa chai. Kila siku saa sita alimwongoza bibi yake nyumbani, kwa kuwa bibi alikuwa na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili.

"Shimo hilo, bibi. Sasa jiwe. Huyu wa baiskeli mwache apite, hana adabu."

Bibi alicheka njia nzima.

Mkaguzi alipokuja, aliutazama ule mkono ukiandika, akatikisa kichwa. "Huyu akikosa tena, nafasi yake anapewa mwingine. Mwaka wa pili huu."

"Njoo nje umwone, mkuu," mwalimu alisema.

Mkaguzi akatoka. Chiriku akamwamkia, akamuuliza mbona anachechemea, akamketisha, akamvua kiatu na kutoa kokoto iliyokuwa ndani. Mkaguzi alimshukuru kwa moyo mweupe.

"Nimemwona, mwalimu. Mtoto wa watu, jamani. Sasa nimwandike wapi?"

Mwalimu akaigeuza fomu huku na huku. Hata pembeni hapakuwa na nafasi.

"Nitarudi baada ya wiki tatu," mkaguzi alisema.

Siku ile mwalimu alimsubiri bibi getini. "Bibi, ungependa asome?"

"Swali gani hilo, mwanangu? Mimi sikusoma, hata karatasi ya dawa nasomewa na jirani. Asome."

Mwalimu angeweza kumweleza kitakachobaki kibarazani. Hakumweleza, na akaona haya.

Basi akapiga moyo konde, akaanza kuufundisha mkono. Haba na haba, kila asubuhi, aliushika ndani ya mkono wake wakaandika pamoja. Herufi zikaanza kugeuka, moja moja, zikatazama mbele. Chiriku alikuwa akichungulia dirishani.

"Mwalimu, mkono wangu unaendeleaje?"

"Unaendelea vizuri."

"Uambie usichoke. Tuko pamoja."

Mwalimu aligeukia ubao ili asionekane akilia.

Wiki tatu zikaisha. Mkaguzi akapiga alama za vema tatu, akampongeza mwalimu, na kabla ya kengele jina lilikuwa limeshaingia daftari la ng'ambo.

Saa sita bibi alikuja na fimbo yake. Mwalimu akavuka uwanja hadi getini, akamkabidhi mkono ukiwa umenawishwa.

"Amefaulu, bibi. Visanduku vyote."

Bibi akaubusu ule mkono, akalia kwa furaha. "Mungu akuzidishie, mwanangu. Wewe ndiye mama yake." Kisha akajiweka sawa. "Haya, mjukuu wangu, twende."

Mkono ulitulia kiganjani mwake. Bibi akangoja.

Kule kibarazani Chiriku alikuwa amesimama ukingoni kabisa, akipiga kelele. Mwalimu aliona mdomo ukifunguka na kufungika. Sauti haikuwa kwenye daftari lolote, na haikuvuka ukingo.

"Mbele yako kuna mtaro, bibi," mwalimu alisema. "Una maji."

"Ahsante. Mbona mwenyewe haniambii?"

"Siku hizi anaandika, bibi."

Bibi aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa jambo la wasomi. Akapapasa mtaro kwa fimbo, akauinua ule mkono kifuani usije ukalowa, akavuka.