Ombi Lililolazwa

Mdomo wangu hauna breki, na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo. Nimefua na kupiga pasi nguo za watu tangu binti yangu akiwa mgongoni, na mteja akiniletea shati lenye doa halafu adai nimelitia mimi, atanisikia mpaka mtaa wa pili. Lakini yuko mtu mmoja duniani nisiyeweza kumpandishia sauti, naye ni mkwe wangu, mume wa binti yangu. Mama mkwe hamgombezi mkwe. Akinikera namwambia binti yangu, au nasema na ndoo, yeye asikie. Sasa Mungu naye akaona mtihani wangu aupitishe hapo hapo.

Mtoto wa kiume ninaye mmoja tu, kitinda mimba wangu. Alikwenda nchi ya mbali kupasua mawe kwenye machimbo, kwa maneno matamu ya wakala mmoja mwenye viatu vya kung'aa. Walipofika tu wakanyang'anywa pasipoti na simu. Akawa ananipigia kwa simu za kuazima, maneno mawili, imekatika. Namba yangu ndiyo pekee aliyokuwa nayo kichwani. Nilimkaririsha kabla hajajua kufunga kamba za viatu, maana alikuwa mtoto wa kupotea sokoni. Namba nyingine zote, hata ya dada yake, zilibaki kwenye ile simu waliyomnyang'anya.

Mara ya mwisho alinong'ona. "Mama, tunatoroka. Nikifika mpakani sina karatasi hata moja. Watu wa uhamiaji watakupigia wewe, wakuulize kama mimi ni mwanao. Ukisema ndiyo, wananipitisha. Wasipokupata, wananirudisha kwa hawa hawa. Mama, usizime simu."

"Nizime, nina wazimu?" nikamjibu. Sijui kama alisikia.

Basi hofu ikaniingia. Mtandao wangu ulikuwa na maringo: nyumbani kwangu lazima usimame kizingitini, mguu mmoja ndani mmoja nje, ndipo usikike. Itakuwaje wanipigie niko uani na mabeseni yangu? Mkwe wangu anafanya kazi kampuni nyingine ya simu, kitengo cha kuhamisha namba, na binti yangu kila siku wimbo wake ulikuwa huo: hamia kwetu mama, namba inabaki ile ile, unasikika hadi chooni. Nikaenda kwa dada wao mmoja anayekaa chini ya mwavuli barabarani. Nikaweka kidole, nikapewa laini mpya.

"Sasa mama," ananiambia, tayari ameshatuma ombi, "laini itazimika kidogo mpaka ihamie."

"Izimike? Mbona hukusema? Futa!"

"Mama, ni saa chache tu."

"Futa nakwambia, kabla sijaipindua hii meza!"

Akabonyeza, uso ameukunja. Nikarudi nyumbani najiona mjanja. Kumbe! Laini ya zamani haikuwa na mtandao hata chembe, na mpya vile vile. Nikaazima simu ya jirani nijipigie mwenyewe. Yule mwanamke wa kwenye simu akaniambia kwa sauti yake ya asali kwamba namba ninayopiga haipo. Hakusema haipatikani. Asiyepatikana ametoka, atarudi. Namba yangu mimi haikuwepo kabisa, na mwanangu yuko njiani.

Kampuni ya zamani wakanijibu bila hata kuinua macho: tumeombwa tukuachie, tumekuachia, hao walioomba wakituletea taarifa ya kufuta, tunakufungulia papo hapo. Taarifa haijaja. Nikamchukua binti yangu, na tumbo lake la miezi ya mwisho, tukaenda kwa mumewe.

Chumba chao hakina dirisha. Mashine ya baridi inadondosha maji kwenye ndoo ya rangi, na watu wamejipanga na vipokea sauti masikioni. Mkwe akasimama, akanipa kiti chake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Adabu anayo, siwezi kumsingizia.

Akatazama kwenye kompyuta. "Mama, ombi lako limelazwa."

"Limelazwa hospitali gani?"

Wawili watatu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaanza kunieleza, nami nilimwelewa vizuri sana, msidhani dobi hana kichwa. Kampuni ikiomba namba kwa mwenzake halafu ikafuta ombi, inamlipa mwenzake ada ya usumbufu. Mamlaka ya mawasiliano ndiyo iliyopanga hivyo, ili kampuni zisiombe ovyo. Ila ada ni kubwa, kampuni zimelia, na mamlaka imeahidi kuipunguza, tangazo linasubiriwa. Basi meneja wao ameamuru kwamba mpaka tangazo litoke, hapana kufuta. Yote yaliyofutwa na mawakala wa mitaani yanaishia pale mezani kwao. Wanayalaza.

"Mwambie mumeo," nikamwambia binti yangu, "basi wanihamishe tu, yaishe."

"Haiwezekani, mama," akajibu mkwe mwenyewe. "Wakala akishabonyeza kufuta, haliendi tena mbele. Lazima lifutwe kwanza, ndipo lianze upya."

"Muulize tangazo litatoka lini."

"Wiki hii. Au ijayo. Hakuna anayejua."

Nikaigeukia ndoo ya rangi. "Ewe ndoo, umesikia? Mwanangu anakimbia kuokoa roho yake, na watu wazima wenye tai wameilalia namba yake! Kwa ajili ya ada! Wangemwua waziwazi basi, tujue moja!"

Jasho likamtoka mkwe wangu na baridi yote ile. Akainama karibu na sikio la mkewe, lakini maneno yalinilenga mimi. "Mwambie mama, shemeji ni ndugu yangu, nalijua hilo. Lakini mwenzetu mmoja alifuta ombi kwa huruma. Kile pale kiti chake." Nikakitazama. Kilikuwa kitupu, sweta bado imening'inia mgongoni. Halafu nikalitazama tumbo la binti yangu. Nilimhurumia mkwe wangu na nikamchukia, vyote kwa pumzi moja. Nikaondoka.

Mnasema ningempigia mwanangu kwa simu nyingine. Nimpigie wapi? Ile namba ya mwisho aliyoazima, mwenye simu alinijibu, "Wameshaondoka," akakata. Mpaka wenyewe siujui ni upi, nchi zina mipaka mingapi? Nikabaki nazunguka na simu mbovu kifuani kama mtu aliyebeba jiwe. Asubuhi moja nikaunguza shati la mteja, mimi, ambaye tangu nishike pasi sijaunguza hata leso. Nikalitazama lile tundu. Nikatua pasi, nikavaa kanga, nikatoka bila kumwambia binti yangu.

Mkwe aliponiona akasimama. "Shikamoo, ma—"

Sikuitikia. Nikapiga magoti.

Jamani, kama hamjui, mama mkwe kumpigia mkwe magoti ni zaidi ya kumtukana. Ni kumvua nguo mbele ya watu. Hata waliokuwa na wateja masikioni wakavua vipokea sauti.

"Mama! Inuka mama! Usinifanyie hivi!"

"Baba," nikamwambia yeye, si ndoo, si mtu mwingine yeyote. "Nakuomba. Nina mtoto wa kiume mmoja tu."

Akalia. Mwanaume mzima, analia huku anabonyeza. Sikuwa hata nimeinuka, simu ikatetemeka kifuani. Ilikuwa hai. Nilipogeuka mlangoni nilimwona anatia kikombe chake kwenye mfuko wa plastiki, kabla hata meneja hajamjia.

Zikaingia meseji za bahati nasibu na za mikopo. Nani alipiga wakati namba haipo, simu haisemi. Nikakaa kizingitini. Wateja wakaja wakaondoka na nguo zao chafu. Mkwe akawa anashinda kwangu, maana kazi hana tena, na kwa aibu yake akaanza kunisaidia kukamua mashuka.   Alichelewa, lakini alifanya.

Tulikuwa uani siku redio ya jirani iliposema mamlaka imeshusha ada ya maombi yaliyofutwa, sasa ni kama bure, lengo ni kumlinda mlaji.

"Mlaji yupi?" nikaiuliza ile redio. "Mimi nimeliwa!"

Binti yangu akacheka kidogo, cheko la kwanza tangu yaanze. Na hapo simu ikaita. Namba ndefu, ya kigeni. Nikaruka mpaka kizingitini.

"Mama," akasema mwanamke, sauti kavu ya ofisini, "hapa ni uhamiaji, mpakani. Kuna kijana hana karatasi. Ametupa namba hii, anasema ni ya mama yake."

"Ndiyo! Ni mwanangu! Mpitisheni, mama, Mungu akubariki!"

"Subiri kwanza. Wiki iliyopita kijana mwingine alitupa namba hii hii. Tukapiga mbele yake, tukaambiwa namba haipo. Tukarudia, haipo. Akawa anang'ang'ania ni ya mama yake. Tukaona ni mwongo, tukamrudisha alikotoka. Leo huyu naye, namba ile ile. Hebu ongea naye."

Simu ikapokezanwa.

"Mama, ni mimi," akasema mtu.

Sauti nzito, ya koo lililokauka. Mwanangu ana sauti nyembamba kama ya baba yake. Huyu sijawahi kumsikia maishani mwangu. Namba yangu angeipata wapi, kama si kwa mwanangu, huko njiani? Wangu ndiye aliyetangulia. Wangu ndiye ambaye walipiga simu mbele yake, akasikia kwa masikio yake kwamba mama yake hayupo.  Nilitaka kupiga yowe, nilitaka kumwambia huyu mgeni atoke kwenye simu ya mwanangu.

Na yeye upande wa pili alikuwa anahema tu, haombi kitu.

Yule mwanamke akarudi. "Umemsikia. Nataka ukweli, mama. Una watoto wa kiume wangapi?"

Mkwe wangu alikuwa amesimama katikati ya uani, shuka linamchuruzikia miguuni, ananitazama mdomoni.

"Wawili," nikasema. "Mmoja ni huyo uliye naye. Mwingine mmemrudisha."