Nyasi za Ng'ombe wa Fulgence

Jumatatu asubuhi, kama kila Jumatatu ya mwaka ule wa 1868, Servaas Mommaerts alishuka treni ya saa mbili mjini Mechelen, Ubelgiji, akanywa kahawa jikoni kwa mjane Hortense, kisha akaingia sebuleni kuchora nyasi mpya kwenye picha yake iliyotundikwa pale ukutani. Zile za wiki iliyopita zilikuwa zimeliwa.

Ndiyo desturi ya wachoraji: ajuaye mashamba huchora mashamba, ajuaye wanyama huongeza wanyama. Servaas alichora malisho na mawingu kwa miezi minne, akinyeshewa. Fulgence Dardenne akaja alasiri moja, akatia ng'ombe watano kwenye picha hiyo, akala keki, akaenda zake. Wanasema mchumia juani hulia kivulini. Servaas alichumia mvuani, na aliyekula kivulini ni mwingine. Wageni walijaa kwa mjane kutazama ng'ombe wa Fulgence walivyonenepa. Wamenenepa kwa kula nini, hakuna aliyeuliza.

Servaas aliona wivu. Februari akachoka, akafunika malisho yote kwa theluji. Siku ya tatu mbavu zilihesabika, na milio ya ng'ombe ikawanyima usingizi majirani. Mjane akamwita. Fulgence alikuwa ameshakaa kwenye kiti kizuri.

“Wewe baba una roho gani?” mjane akauliza. “Wanyama wamekukosea nini?”

“Hawajanikosea, mama. Ila nyasi ni zangu.”

“Hata Mungu hatii sahihi kwenye nyasi, ndugu yangu,” Fulgence akasema, akijipakulia sukari.

Servaas alikuwa na jibu kali. Lakini pale pichani ng'ombe mmoja mdogo, mweupe, alikuwa akiikwangua theluji kwa kwato. Akafungua sanduku la rangi.

Kiangazi picha ikapelekwa kwenye maonyesho ya Brussels, na Fulgence akapewa nishani. Sahihi ya Servaas, pembeni chini, ilikuwa imeliwa pamoja na nyasi. Siku ya sherehe waliompa Fulgence nishani walimruhusu Servaas aingie mapema, kwa mlango wa nyuma, ili ng'ombe washibe kabla ya wageni.

Akakuta yule mweupe amezaa usiku. Ndama alikuwa akijifunza kusimama, miguu ikimtetemeka. Servaas alimtazama sana, akamwona mzuri kuliko chochote alichowahi kuchora mwenyewe, na hilo likamuuma kuliko nishani. Akakamua rangi ya kijani, akaongeza nyasi za ng'ombe wa sita.