Jina la Baba Mkwe

Asubuhi ya Jumamosi Kaindi alikuwa amepiga magoti kando ya jiko akimwombea mwanawe, kama afanyavyo kila siku, aliposikia sauti yake mlangoni.

"Mathe, wacha kwanza. Unaomba Mungu anilinde na wale vijana wa njia ya Mountain View. Mimi ni mmoja wao."

Kaindi hakufungua macho mara moja. Alimaliza sala, akasema amina, kisha akauliza, "Tangu lini, Baba?"

Alimwita Baba tangu alipozaliwa. Mtoto alipewa jina la babu yake, na mwanamke aliyelelewa Ukambani kama Kaindi hatamki jina la baba mkwe wake, hata kama ndilo alilopewa mtoto aliyemzaa mwenyewe. Mumewe, Hezekiah, ndiye aliyekuwa akiliita. Tangu Hezekiah azikwe, jina hilo halikuwa limesikika tena nyumbani mwao.

Mvulana alieleza akitazama sakafu. Jioni wenzake huwavizia watu wanaoshuka kutoka barabara ya Waiyaki Way, wakawanyang'anya simu. Kazi yake yeye ilikuwa kuangalia kama kuna mtu anakuja. Wiki iliyopita walimsukuma msichana, akavunjika mkono.

"Nimechoka, Mathe. Lakini nikienda polisi peke yangu watanifunga. Na nikibaki nao, siku moja watu wa mtaa watanichoma."

Alasiri hiyo kulikuwa na baraza katika uwanja wa kanisa, pale Kangemi. Sajini Mwelu, polisi wa kike, alikuwa amezunguka makanisani na msikitini akitangaza. Kama mzazi angesimama mbele ya majirani na kumtaja mwanawe kwa jina, akamleta, mtoto huyo angepelekwa kwa afisa wa watoto na kurudi kulala kwao, majirani wakimwangalia. Atakayetajwa na watu wengine angefuatwa na polisi kama mhalifu mwingine yeyote.

"Nitasimama nyuma ya tangi la maji," mvulana alisema. "Ukiniita, nakuja."

Barazani Njuguna alikaa mbele kabisa. Alikuwa na buchari, na kila alfajiri alikwenda machinjioni Dagoretti kuleta nyama. Kando yake alikaa binti yake, mkono umefungwa plasta.

"Sajini, tunangoja nini?" Njuguna aliuliza. "Mkiwashika leo, kesho wako nje. Tuachieni sisi, tutamalizana nao."

Wengine walipiga makofi.

"Ukichoma mtoto wa mtu, Njuguna, nitakushika wewe," Sajini Mwelu alijibu, "na hiyo nyama yako ioze hapo dukani."

Watu wakacheka. Sajini akangoja wanyamaze. "Kuna mzazi?"

Kaindi alisimama. "Mimi ninaye mmoja."

"Anaitwa nani?"

Akafungua kinywa. Jina lilikuwa pale, lakini halikutoka. "Ni mtoto wa marehemu Hezekiah," akasema.

"Wee mama!" Njuguna alipaza sauti. "Kwani hujui kijana yako anaitwa nani?"

Kicheko kikazuka tena. Sajini Mwelu hakucheka. Alimsogelea Kaindi, akamwuliza polepole kwa Kikamba kama mtoto alipewa jina la baba mkwe. Kaindi akaitikia kwa kichwa.

"Hata mimi nimeolewa kwetu huko," Sajini akasema. "Jirani yako anaweza kukusaidia kulitaja?"

Syokau, waliyepakana naye kwa mlango, alikuwa ameshasimama. Kaindi alimshukuru kwa macho, lakini akakataa. Likitoka kwa Syokau, mwanawe angekuwa ameshtakiwa. Alitaka aitwe kama mtoto anavyoitwa nyumbani.

Akatoa simu, akampigia mzee, baba mkwe wake, huko Makueni.

"Baba, ni mimi, mama wa mjukuu wako. Hamjambo huko?"

"Hatujambo, mama. Mvua imenyesha kidogo. Mbona unapumua hivyo?"

"Mtoto amepotea njia, Baba. Ameingia na vijana wanaoibia watu. Nimeambiwa nimwite kwa jina lake mbele ya watu ndipo asaidiwe. Naomba ruhusa yako."

Kaindi alisikia kuku wakilia upande wa pili, na mzee akikohoa.

"Mama," mzee akasema, "nilimpa hilo jina ili aitwe nalo. Lipaze nilisikie hata mimi huku."

Kaindi alifumba macho. Ee Bwana, alisema moyoni, nifungulie ulimi wangu. Kisha akageukia tangi la maji.

"Nzau!"

Sauti ilimshangaza mwenyewe, jinsi ilivyokuwa kubwa.

"Naam!" mzee akaitika ndani ya simu, na watu waliokuwa karibu wakatabasamu bila kutaka.

"Nzau, njoo, mwanangu!"

Mvulana akatokea nyuma ya tangi, akaja akiwa ameinamisha kichwa. Hakuna aliyemgusa. Alipofika mbele alisimama karibu na binti wa Njuguna, akautazama ule mkono.

"Sikukusukuma," akasema, "lakini nilikuona ukianguka, nikakimbia. Nisamehe."

Msichana alimtazama baba yake.

Sajini Mwelu akauliza, "Nani atashirikiana na mama huyu kumwangalia kijana?"

Syokau aliinua mkono. Kisha Njuguna akasogea kwenye benchi, akapiga nafasi iliyobaki kwa kiganja.

"Mimi sijakusamehe," akamwambia Nzau. "Kaa hapa nikuone. Na jioni, hawa wenzako wakitoka kuvizia watu, utakuwa kwangu buchari ukiosha magogo ya kukatia nyama."

Nzau akakaa. Kaindi alikuwa bado ameshika simu, machozi yakimdondoka juu ya leso.

"Mama," sauti ya mzee ikaita, "amekuja?"

"Amekuja, Baba."

"Basi mpe simu nimsalimie mwenzangu."