Tusi Lililobaki kwa Mnukuzi

Mnukuzi alikuwa ametimiza miaka kumi na mmoja katika chumba cha kumbukumbu za Bunge, akiandika kila neno lililotoka vinywani mwa wakubwa. Kila neno, isipokuwa yale aliyoambiwa afute. Na hayo yalikuwa mengi, maana wakubwa wetu wamejaliwa midomo, breki wakanyimwa.

Mwezi uliopita, kwenye kikao cha kamati kisichorushwa hewani, Mheshimiwa mmoja aliulizwa kuhusu akina mama wauza mboga waliofukuzwa sokoni. "Wale mbwa koko?" akasema. "Watupieni mifupa, watanyamaza." Kamati nzima ikaangua kicheko. Mkuu wa chumba akamwinamia mnukuzi. "Hiyo toa, dada. Kwenye maandishi na kwenye sauti. Ulimi umemteleza mzee wa watu."

Akatoa. Mama yake mzazi alikuwa mmoja wa wauza mboga hao, na tangu meza yake ivunjwe, mshahara wa binti ndio uliowaweka mjini wote wawili.

Sasa juzi, msafara wa Mheshimiwa ukaziba lango la wafanyakazi, watu wakasimama juani saa nzima. Mnukuzi, hasira zimempanda, akaandika kwenye kundi la simu la ofisi: "Mbwa koko wakishapita, tutaingia." Chumba kizima kilijua neno lile limetoka kwa nani. Wenzake wakacheka mpaka machozi, kisha mmoja wao akafuta machozi na kuupeleka ujumbe kwa wakubwa.

Kamati ya nidhamu ilikaa leo asubuhi.

"Umemwita kiongozi mbwa," mwenyekiti alisema.

"Nimerudia neno lake mwenyewe, mzee."

"Alilisema lini?"

Akataja siku na saa. Mwenyekiti akafungua jalada la siku hiyo, akamsogezea. Ukurasa ulikuwa safi, na chini yake saini ya mnukuzi ilithibitisha kwamba hayo ndiyo yote yaliyosemwa. Akamgeukia mkuu wa chumba, aliyekaa pembeni akikagua kucha zake.

"Mkuu, si ulikuwepo?"

"Mimi nasimamia kilichoandikwa, dada."

Barua ilikuwa imeshachapwa: kufukuzwa kazi kwa lugha ya matusi isiyomfaa mtumishi wa umma. Mheshimiwa, kwa taarifa yako, alikuwa ukumbi wa pili akifungua semina ya maadili.

Mama alikuwa uani anaanika nguo. "Mbona mapema, mwanangu?"

Mnukuzi akamweleza yote, hata lile la kufuta, maana uongo ulikuwa umemchosha. Alitegemea mama amlaani Mheshimiwa. Mama akaendelea kukung'uta shuka moja kwa muda mrefu.

"Kumbe alisema," mama akasema. "Sisi tulizisikia hizo habari. Wenzangu walitaka twende tukakae pale getini kwenu mpaka atuombe radhi. Mimi ndiye niliyewazuia. Niliwaambia mwanangu yumo mle ndani, lingesemwa neno kama hilo angeniambia."

"Mama, nisamehe."

"Waliniamini, wakarudi makwao."

Akatundika shuka, akajifuta mikono, akavaa ndala zake. Mnukuzi alimuuliza anakwenda wapi.

"Kuwaambia."

"Ngoja twende wote."

"Hapana," mama alisema bila kugeuka. "Wewe baki."