Kilo Saba za Kapteni Barafu

Jina la utani ni kama harufu ya samaki mkavu: ukishaingia nalo chumbani, hata ukifungua madirisha yote, watu watajua. Anselmo Dimaculangan alilipata lake mwaka jana, kwenye mkutano wa chama cha marubani wa kompyuta. Hao ni watu wazima na akili zao ambao hujifungia ndani siku za mapumziko, wakarusha ndege zisizokuwepo. Siku hiyo yeye ndiye aliyetangulia, na wenzake walimfuata kwa mstari kwenda kutua, mmoja nyuma ya mwingine, kama vifaranga vya bata. Magurudumu yamegusa lami tu, kompyuta yake ikaganda. Ndege ikasimama katikati ya njia kama punda aliyegoma. Wa pili akaipanda mgongoni, wa tatu akampanda wa pili, na kufumba na kufumbua uwanja mzima ukawa rundo la vyuma na moto wa kuchorwa.

"Kapteni Barafu!" alipaza sauti Wakili Gaudencio Villaruz, yule wa pili kwenye mstari. Ukumbi ukaangua kicheko, jina likashika.

Mwaka huu mkutano ulikuwa Iloilo, ng'ambo ya maji, na chama kilimpa tena nafasi ya mbele. Hawakumpa kwa heshima. Walimpa kwa sababu watu wanapenda kucheka, na Anselmo alilijua hilo. Akitua salama, jina limekufa. Akiganda tena, atazikwa nalo.

Kompyuta yake ya zamani ilikuwa kubwa kama kabati la nguo, na hata kama isingekuwa na tabia ya kuganda, haibebeki. Ukumbini kulikuwa na skrini na usukani, ila kila mtu alitakiwa aje na mashine yake. Na shirika la ndege lilikuwa na sheria moja isiyojua huruma: mzigo wa mkononi kilo saba, begi lenyewe likiwemo.

"Si upande meli?" mkewe, Perpetua, alimuuliza. "Melini hawapimi."

"Kapteni wa ndege ateremke melini? Wakili Villaruz atakufa kwa raha."

"Basi itie kwenye mizigo ya chini ya ndege."

"Pepang, mimi nimepanga mabasi stendi ya Cubao mpaka nikastaafu. Najua tulivyokuwa tukiyarusha mabegi."

Kwa hiyo akaichukua mizani ya jikoni ambayo Perpetua hupimia unga wa mchele, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akaenda Gilmore, kule ambako maduka ya kompyuta yamebanana kama meno. Aliingia duka la Rhodora Tiu, mwanamke mnene mchangamfu aliyekuwa akila tambi nyuma ya kabati la kioo.

"Tatay," alimwita, yaani baba, "hiyo mizani ya nini? Hapa hatuuzi nyama."

"Nataka kompyuta ya kurushia ndege, mwanangu. Ndogo, na isigande."

"Zipo." Rhodora akaweka bakuli pembeni, akafuta mikono, akatoa kadi ya picha yenye feni tatu, ndefu kama mkono wa mtu. "Hii, Tatay, utaona mpaka manyoya ya ndege wa kweli wanaopita. Ina kasi ya ajabu."

"Kasi sijauliza. Uzito?"

"Uzito?"

Anselmo akaiweka kwenye sahani ya mizani. Mshale ukakimbia. "Toa hapa! Hii si kadi, hii ni bata mzinga."

"Lakini mawingu yake!"

"Mawingu nitayaangalia dirishani nikiwa njiani."

Wateja wawili waliokuwa wakichagua vipaza sauti wakaacha walichokuwa wakifanya, wakasogea. Rhodora naye, badala ya kukasirika, alianza kunogewa. Kwa miaka yote aliyouza vifaa, watu walikuwa wakimuuliza kasi na rangi za taa, lakini mtu wa kumpimia kompyuta kama vitunguu alikuwa hajamwona.

"Haya, nisikilize," akasema. "Mwaka jana uliganda wapi? Angani au unatua?"

"Natua. Mji umejaa chini yangu, majengo hayo, magari hayo, kah, ikafa."

"Basi hukukosa mawingu. Ulikosa prosesa. Mchezo wa ndege haufanani na ule wa kupigana risasi. Ukikaribia mjini, prosesa ndiyo inayohesabu kila nyumba na kila upepo. Ikichelewa, kadi ya picha hata iwe kubwa vipi inakaa kitako inangoja, kama abiria wa basi lililokosa dereva."

Hilo Anselmo alilielewa mpaka kwenye mifupa. Akachukua prosesa nzuri kuliko zote zilizokuwepo, na kilichomfurahisha zaidi ni kwamba ilipokaa kwenye mizani, mshale ulitikisika tu kama mtu aliyeitwa kwa jina la mwenzake. RAM, yaani kumbukumbu ya mashine, akachukua nyingi, nazo zilikuwa nyepesi kama chapati. Kadi ya picha akachukua ya feni mbili, fupi, ya wastani. Lakini walipofika kwenye vyuma vya kupozea joto, akataka kile kidogo kuliko vyote, Rhodora akagoma.

"Tatay, hicho chuma ndiyo baridi yenyewe. Ukikipunguza, joto litalala wapi?"

"Kwani huwezi kuiambia prosesa isipate joto?"

Alisema kwa mzaha, lakini Rhodora akainua kidole. "Inaambiwa. Tunaibana umeme kidogo. Ni kama mgonjwa wa kisukari: anakula, ila anakula kwa adabu. Utachukua chuma cha katikati, siyo hicho cha kuchezea watoto. Mradi hewa ipite."

Likabaki kasha. Rhodora akapanga mawili. "Hili lita kumi, hili lita nane."

"Lita za nini?"

"Ndivyo tunavyopima makasha madogo. Ujazo."

"Mimi najua sufuria tu ndiyo hupimwa kwa lita," alisema Anselmo, akachagua lile la lita nane, la alumini, lililotobolewa matundu kila upande na lenye mfuniko wa kubana bila skrubu. Walipokwisha kufunga kila kitu, mbele ya ile kadi fupi ilibaki nafasi tupu ya kutosha viatu vya mtoto.

"Hapa ungeweka ile kadi ndefu," alisema Rhodora kwa uchungu wa mfanyabiashara.

"Paache patupu. Patupu hapana uzito."

Mashine ikatiwa kwenye begi, begi likapandishwa mizanini, na wote dukani wakainama. Mshale ulitetereka, ukasimama chini ya saba, ukiacha nafasi ya nusu kilo. Walipiga makofi kana kwamba mtoto amezaliwa.

Nyumbani, Perpetua hakupiga makofi. Aliliinua begi kwa mkono mmoja, akalipima kwa macho.

"Na dada yangu unampelekea nini?"

Anselmo alikuwa atalala kwa shemeji yake, Consolacion, huko huko Iloilo. Katika hesabu zake zote shemeji hakuwemo.

"Pepang, kilo saba."

"Utaingia nyumba ya dada yangu mikono ikining'inia? Watu watasema nimeolewa na nani?"

"Nusu kilo iliyobaki ni ya shati na mswaki."

"Shati si unavaa?"

Hakuna mahakama ya kukatia rufaa kesi ya namna hiyo. Nusu kilo ikachukuliwa na pipi laini za maziwa zilizotoka Bulacan, na Anselmo akafika uwanja wa ndege kwenye joto la mwezi wa Aprili akiwa amevaa mashati matatu, mswaki ukichungulia mfukoni. Msichana wa kaunta alipima begi, akatazama saba kamili, kisha akamtazama mwenye begi.

"Sir, unaumwa?"

"Hapana, binti. Naona baridi."

Jasho lilikuwa likimdondoka kidevuni. Akapita.

Consolacion alizipokea pipi za maziwa kwa vigelegele, na hapo hapo deni la heshima likageuka upande wa pili. Mgeni aliyekuja na kitu, haondoki mlangoni kwako bila kitu. Tena kesho yake asubuhi mgeni huyo alikuwa anakwenda kwa wenzake, ukumbi mzima wa watu, na wangeuliza amelala kwa nani. Kwa hiyo Anselmo alipokuwa bafuni, Consolacion alinunua biskocho zilizotoka wakati huo huo kwenye tanuri la jirani, vile vimkate vikavu vilivyokolea siagi na sukari, vingali na moto kwenye vifuko vyao. Begi likakataa kuvipokea, limejaa lile kasha. Akalipapasa kasha. Limejaa matundu kama kikapu cha mikate, na juu lina mfuniko wa kubana. Akafungua. Kumbe ndani kuna nafasi nzuri kabisa! Akavipanga humo vifuko kimoja kimoja kwa ustadi wa mama aliyelea watoto sita, akafunga, akashukuru Mungu.

Njiani Anselmo aliona begi limekuwa zito kidogo. Akalaumu wali wa kitunguu saumu aliokula asubuhi.

Ukumbini, mashine iliwaka mara moja. Wakapaa. Ilikwenda kama maji, milima ikapita, bahari ikapita, haikutetereka hata kidogo. Nyuma yake, kwenye kiti cha pili, Wakili Villaruz alikuwa ameanza kununa kwa kukosa cha kuchekea. Mji ukatokea. Anselmo akashusha magurudumu.

Ndipo pua yake ikamwambia jambo.

"Kapteni Barafu," sauti ya Wakili ikaja masikioni, "unaendesha au unaoka?"

Ilikuwa harufu ya siagi. Feni za mashine zikaanza kulia kama nguruwe anayekamatwa, picha ikashtuka, ikasimama kidogo, ikaendelea, ikasimama tena. Anselmo aliyajua mashtuko hayo. Ndivyo ilivyoanza mwaka jana, na mwaka jana alikaza meno, akanyamaza, akaomba Mungu, akawaua wote.

Akavuta usukani. "Wote pandeni!" akapiga kelele. "Msinifuate chini! Pandeni, zungukeni upya!"

"Anaogopa!" alicheka mtu, lakini walipanda, mmoja baada ya mwingine.

Mkono mmoja ukiwa kwenye usukani, Anselmo akaifungua mfuniko mashine kwa mkono wa pili. Alipoona kilichokuwamo, alisema neno ambalo mzee wa kanisa hapaswi kulijua. Akachomoa kifuko cha kwanza, siagi ikielea ndani, akakirusha nyuma. Akachomoa cha pili, cha tatu.

"Ni nini hivi?" waliuliza nyuma.

"Shemeji yangu anawasalimu! Kuleni, ila msiache usukani!"

Walizunguka juu ya mji wakitafuna. Mashine ikavuta pumzi. Feni zikashusha sauti polepole, mpaka zikawa zinanong'ona, na picha ikarudi kuwa maji. Anselmo akageuka, akanyoosha pua ya ndege kwenye njia, akashuka. Magurudumu yakagusa, yakabiringika, ndege ikatoka pembeni kama bibi harusi anayewapisha wageni.

Alingoja nyuma yake kusikike kishindo. Hakikusikika. Ndege ya tatu ikatua. Ya nne ikatua. Ukumbi ukaanza kushangilia, kisha wakatazamana. Na ya pili iko wapi?

Wakageuka wote. Wakili Gaudencio Villaruz alikuwa ameshika kifuko kwa mikono miwili, vidole vinang'aa siagi, na kwenye skrini yake ndege ilikuwa imezama baharini, ikionekana mkia tu.

"Kilikuwa hakifunguki," alisema, huku akitafuna. Kisha akanyoosha shingo kuitazama ile mashine ya Anselmo. "Humo ndani hakikubaki kingine?"