Mguu Uliokuja Kutoa Ushahidi

Ulimwona. Usijifanye ulikuwa unatafuta kitu mfukoni. Fundi cherehani alikuwa anapanda ngazi za ofisi ya ustawi kwa matako, ngazi thelathini na sita, nawe ukauruka mkono wake kama unavyoruka kinyesi.

Alifuata cheti cha ulemavu. Bila cheti hapewi mguu bandia mpya, na bila mguu cherehani yake haikanyagiki. Cheti hicho hufanywa upya kila mwaka, ili ofisi ijiridhishe kwamba mguu haujaota tena.

Enzi za bibi yake, watu kama yeye walifungiwa chumba cha uani. Enzi za mama yake wakajengewa nyumba ya hisani, wakawa wanaogeshwa siku za wageni tu. Yeye amepata haki. Imebandikwa ukutani, ghorofa ya pili.

Karani alikuwa anachokonoa meno kwa pini ya karatasi. Alisema barua ya hospitali haionekani, faili limeliwa na mchwa.

"Sasa nitathibitishaje, mwanangu?"

"Leta barua, mama. Au ulete mguu wenyewe."

Wenzake walicheka mpaka chai ikawatoka puani.

Jumanne mguu ukaja. Ulitoka kwenye shimo la taka nyuma ya hospitali, ulikotupwa fundi akiwa na miaka kumi na mmoja, ukiwa bado na soksi nyeupe ya shule. Mlinzi aliuambia ujifute tope. Ukapanda ngazi, ukakaa foleni karibu na mwenyewe, ukasubiri zamu.

Karani aliupima kwa rula.

"Ni wako huu?"

"Wangu. Kovu hilo nilikatwa na bati."

"Basi mguu unao, mama. Tena unatembea."

Akauchovya kidole gumba kwenye wino, ukatia sahihi. Akafuta jina la fundi kwenye daftari la wenye cheti, akajifutia wino kwenye pazia.

Nyumbani mguu ulijaribu kukanyaga cherehani. Ulichoka kabla pindo moja halijaisha. Ni mguu wa mtoto. Sasa unalala chini ya meza, na fundi ameuvika soksi safi.

Kesho ofisi inafunguliwa saa mbili asubuhi. Nenda. Zipande zile ngazi kwa matako, zote thelathini na sita, kisha usiondoke mbele ya yule karani mpaka aandike jina upya. Vaa viatu. Miguu si unayo?